Ruhusa ya Kuuguza

Onsare alipomwoza binti yake huko Keumbu mwaka jana, alituweka meza moja mimi na Mwalimu Kemunto, kwa kuwa ni sisi tu tuliofika kati ya watu aliofanya nao kazi ujanani. Alidhani anatufanyia hisani. Mwalimu alikuwa amesafiri kutoka Nakuru, anatembelea fimbo sasa, na msichana wa kupokea wageni alimwongoza taratibu kati ya viti huku mimi nikimtazama na kutafuta kwa macho meza nyingine ya kuhamia, kama mtoto aliyevunja chungu. Hatukuwa tumeonana tangu alipoondoka Kisii.

"Nyakundi!" alisema kabla hajakaa. "Nywele umeziuza wapi?"

"Zilikwenda Nairobi kutafuta kazi, Mwalimu."

"Na hazijatuma hata salamu?" Akacheka, akaegemeza fimbo mezani, akaniuliza habari za mama yangu. Nikasema yupo, bado anakwenda shambani kwa miguu yake. Hakuniuliza habari za baba. Hakuwa na haja, alikuwapo tulipomzika. Tukaletewa wali, nyama ya mchuzi na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa usiku kucha mpaka uchungu ukaisha, nami nikala nikiwa nimeinamia sahani. Kila nilipoinua macho niliuona mkono wake wa kulia, na mkono ule niliuzoea ukiwa na chaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopanda ngazi za Bwana Harshad mara ya kwanza. Chini alikuwa na duka la mabati, misumari, rangi na kamba; juu palikuwa na chumba kilichowahi kuwa chuo cha kupiga taipu. Wenye chuo walipohama waliacha ubao mweusi, madawati manne, na picha ya mikono miwili iliyoonyesha kila kidole kinapaswa kugusa herufi gani. Bwana Harshad alinunua kompyuta mbili, akaziweka mbali na dirisha, na mkewe akazishonea vifuniko vya kitambaa chenye maua, kama vya kufunikia kochi la wageni. Aliambiwa na mtu kwamba vumbi huua kompyuta, kwa hiyo sote tulivua viatu mlangoni. Nilikuwa na soksi jozi moja, nyeusi, iliyotoboka kwenye dole gumba la kushoto, na mwaka ule wote nilijifunza kukaa nikiwa nimekalia mguu wa kushoto. Ninaandika jambo hili dogo ili lijulikane kwamba aibu ya aina hiyo, ya soksi, nilikuwa nayo siku zote, na nilidhani ndiyo aibu kubwa aliyo nayo mtu duniani. Harufu ya rangi ilipanda kwa ngazi. Misumari ilipomiminwa kwenye mizani chini, Moraa alikuwa akisema, "Mvua imeanza," na kila mara tulicheka, ingawa ulikuwa mzaha uleule.

Tulikuwa wanne. Mwalimu Kemunto ndiye aliyetuongoza. Alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja upande wa Nyamarambe, akajifunza kuandika programu wakati wa likizo za shule, kisha akaacha kazi ya serikali, jambo lililowafanya jamaa zake wafunge siku moja na kumwombea. Onsare alijua kufungua mashine na kuirudisha ikiwa hai. Moraa alitoka Nyanchwa, mwepesi wa vidole, na kazi yake ilikuwa kuingiza majina na kujaribu kila tulichoandika mpaka kivunjike. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa kitabu kimoja kisicho na jalada. Niliandika programu kwenye karatasi kwa muda mrefu kabla sijaketi mbele ya kompyuta, nikizipitia kwa kidole mstari hadi mstari na kujifanya mimi ndiye mashine. Mtu aliyejisomea mwenyewe hubeba kiburi cha pekee: hana cheti cha kuonyesha, basi humwonyesha kila mtu kazi yake, na hawezi kuvumilia mwingine aiguse.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ya kiwanda kimoja cha chai cha mtu binafsi. Walitaka programu ya kuwaandikisha wakulima, kupokea kilo za majani mabichi kutoka vituo vya kupimia, kukata mbolea na mikopo, na kutoa hesabu ya kila mkulima mwisho wa mwezi. Karani wa kiwanda alikuwa akija kila Jumatatu ya pili kuona tulikofikia. Kwa hiyo Mwalimu aliikata kazi yote vipande vya majuma mawili mawili, na asubuhi ya siku ileile, kabla ya kuahidi kipande kingine, alisimama ubaoni na kutuuliza tuna siku ngapi. Mpwa wangu anafanya kazi ya programu Nairobi. Wao huita kipande kama hicho sprinti, na wana chombo kinachopaka rangi nyekundu jina la mtu aliyelemewa. Alinieleza yote hayo kwa upole, kama mtu anayemweleza babu yake habari za simu. Nilimwambia sisi tulifanya hivyo kwa chaki. Alicheka, nami sikuendelea, kwa sababu ningeendelea ningefika mahali ambapo ningelazimika kunyamaza.

"Kazi haipimwi kwa ukubwa wake," Mwalimu alizoea kusema. "Inapimwa kwa watu waliopo. Moraa, una siku ngapi?"

"Kumi na mbili, Mwalimu. Jumamosi zangu ni za Bwana, lakini Jumapili nakuja."

"Na Ijumaa unaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Jua la Sabato lisinikute njiani."

"Basi si kumi na mbili. Onsare?"

"Mimi ni Mkatoliki, siku zangu zote ni nzima."

"Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuona ng'ombe, Mwalimu. Alikuwa anauzwa."

"Ulikuwa unanunua, au ni wewe uliyekuwa unauzwa?"

Tulicheka mpaka Bwana Harshad akagonga dari ya duka kwa ufagio. Mwalimu hakucheka, alipunguza nusu siku kwenye jina la Onsare na kuendelea. Alipunguza siku za stima kupotea, kwa sababu ilipotea kila juma kama mtu aliyeapa. Alipunguza siku ya soko, kwa kuwa kelele ya nje ilitufanya tukosee. Kwa kila mtu alipunguza siku moja zaidi, na tulipomuuliza ya nini alisema ni ya jambo tusilolijua. Kuna vitu alivyovipunguza bila kuuliza. Mara moja kwa mwezi jina la Moraa lilipungukiwa nusu siku, na hakuna aliyesema neno, ingawa Onsare alitaka kusema na Mwalimu akamtazama. Aliona watu. Wakati ule sikuwa na neno la jambo hilo. Niliona tu kwamba hesabu zake hutimia, na karani wa kiwanda alipokuja alikuta tulichoahidi.

Kitu kimoja hakikuweza kuandikwa ubaoni, nacho ni ugonjwa wa nyumbani. Bwana Harshad hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Kisii, alizungumza Ekegusii chetu cha sokoni bila kujikwaa, na mkewe alitupandishia chai ya viungo na chapati laini kila Alhamisi. Lakini alikuwa na kanuni zake, na ukitazama vizuri zilikuwa kanuni za waajiri wote wa mji ule, wetu na Wahindi wenzake. Mtu akifiwa alipewa siku nne papo hapo, hata hakuulizwa. Mtu akiuguliwa hakupewa kitu. "Kila nyumba iko na mgonjwa," Bwana Harshad alisema. "Mimi nikitoa ruhusa ya mgonjwa, nani atauza msumari?" Nasi tuliona ni sawa. Matanga yana watu, yana turubai, yana mchango, yanaonekana. Kukaa kando ya kitanda na kumshika mtu mkono hakuonekani, na mwanamume aliyeomba ruhusa kwa ajili hiyo angechekwa hata na jamaa zake. Kulikuwa na ruhusa ya kuzika. Ruhusa ya kuuguza haikuwapo.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, aliletwa hospitali ya mjini akiwa na tumbo lililojaa maji, mwanzo wa msimu wa mvua ndefu. Mama alikuja naye kutoka Nyamira na chupa ya uji na leso mbili, akalala sakafuni kando ya kitanda. Mimi nilipita saa saba mchana, wakati wa kutazama wagonjwa, nikiwa na dakika za kutosha kusimama lakini si za kukaa. Yeye alikuwa mkulima wa chai, mpole na mtu wa shaka. Alitaka kujua kwa nini kiwanda kinahitaji mashine.

"Inahesabu majani?" aliniuliza.

"Inahesabu kilo, tata. Na makato."

"Na yule kijana wa kituoni akiegemeza kiwiko kwenye mizani, inakiona kiwiko?"

"Hapana, tata."

"Basi inahesabu kiwiko pia." Alifurahi sana kwa jibu lake mwenyewe, akalirudia kwa mama, akalirudia kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Lingekuwa jambo jema kubaki mchana ule nimsikie akilisema mara ya nne.

Jumapili moja daktari alimwita mama nje na mimi nikabaki nikimtazama tata akilala. Kwetu mgonjwa hatangulizwi. Hakuna anayeulizia mbao, hakuna anayeazima turubai, hakuna anayetaja hata nyasi za kufyeka mahali fulani bomani, maadamu mtu bado anakunywa uji wake. Anayefanya hivyo amemtakia mwenziwe kifo. Nami, nikiwa nimeketi pale na uso wa huruma, nilikuwa nikipiga hesabu. Akifa kesho au kesho kutwa, atazikwa Alhamisi. Nitakosa kazi siku nne. Na kipande changu, ile sehemu ya makato niliyoihangaikia kwa miezi, atapewa Onsare, na itakapoonyeshwa kwa meneja wa kiwanda itaonyeshwa na mkono wa Onsare. Akifa baada ya majuma mawili, nitakuwa nimekwisha kuionyesha. Niliipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, kwa uangalifu, kama nilivyopitia programu zangu kwenye karatasi. Kisha mama akarudi na macho mekundu, nami nikamkalisha kitini.

Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kupanga majuma mawili ya mwisho. Meneja mwenyewe wa kiwanda angekuja kuona, na Bwana Harshad alikuwa ametuambia wazi: wakiridhika chumba kitabaki, wakichukua kazi yao kuipeleka Kisumu kompyuta zitauzwa na juu patakuwa ghala la rangi. Asubuhi ile alipanda mwenyewe, akavua viatu kama sisi, akakaa kwenye dawati la nyuma huku mikono yake ikiwa juu ya magoti. Nilichelewa kidogo kwa kuwa nilipita hospitali kumpelekea mama mkate. Nilipoingia majina yalikuwa yameshaandikwa ubaoni. Onsare kumi. Moraa tisa. Mwalimu kumi. Nyakundi sita.

Niliona hesabu yangu ya Jumapili ikiwa ukutani, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Siwezi kueleza kwa njia nyingine. Kumi toa nne. Nilihisi kwamba mtu amefungua kifua changu mbele ya Bwana Harshad na kusoma kwa sauti.

"Mwalimu," nilisema, "zangu zimekwenda wapi?"

"Tutaongea baadaye, Nyakundi. Keti."

"Zimekwenda wapi?"

"Nimesema baadaye."

"Umemzika tata!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kisha nikaupenda ukubwa wake. "Yuko hai! Asubuhi hii amekunywa uji, nimemwona kwa macho yangu! Nani amekwambia anakufa? Wewe ni nani umwandikie mtu kaburi kwa chaki?"

"Yesu," Moraa alisema chini kwa chini.

Mwalimu Kemunto alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya darasani inayofika nyuma bila kupandishwa. Alifungua mdomo. Alimtazama Bwana Harshad, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa haya, maana kwao pia jambo hilo halifanywi. Akamtazama Onsare. Kisha akaufunga mdomo. Alichukua kifutio, akaifuta sita, akaandika kumi, na chaki ikakatika kwenye sifuri.

"Samahani, Nyakundi," alisema. "Nimekosa."

Nilikaa, nikakalia mguu wangu wa kushoto. Bwana Harshad alinipigapiga begani alipokuwa akishuka, na nikahisi, Mungu anisamehe, kwamba nimeshinda. Nilikuwa nimemtetea baba yangu mbele ya watu. Hakuna mwana wa Nyamira ambaye angefanya pungufu ya hapo. Jioni nilimweleza mama, na mama akasema mwanamke huyo ana mdomo mbaya, tumwachie Nyasae, yaani Mungu.

Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi, na kazi ya siku kumi ikawekwa juu ya jina langu. Sasa sikuweza kuomba hata saa moja. Mtu aliyepiga kelele kwamba baba yake ni mzima hawezi kesho yake kusema anataka kwenda kumuuguza. Nilikwenda saa saba, nikasimama, nikarudi mbio. Mara mbili mvua ilinizuia nikafika wageni wakitolewa nje, nikampungia tata mkono kwa dirisha, na sijui kama aliniona. Tulikula mchana palepale dawatini, ndizi mbivu na parachichi, tukitandika gazeti ili makombo yasiangukie vibonye, na mazungumzo yalikuwa machache. Onsare, ambaye kwa kawaida hakukosa la kusema, alinitazama mara kadhaa kama mtu anayetaka kukopa kitu. "Mzee anaendeleaje?" aliuliza. "Vizuri," nilijibu. "Vizuri kabisa?" "Onsare, nimesema vizuri." Basi akaacha.

Juma la pili, Jumatatu, tata alikuwa na nguvu kidogo. Alikuwa ameinuliwa akakaa, mama amemnyoa.

"Kesho utakaa?" aliniuliza. "Si kusimama. Ukae, nikwambie habari ya ule mpaka wa chini, na mambo mengine."

"Kesho nina kazi, tata. Wamenihesabu."

Alilifikiria neno hilo. "Wamekuhesabu," alisema. "Basi nenda. Watu wakikuhesabu, usikosekane." Na akampa mama kikombe chake kama mtu aliyemaliza mkutano.

Alikufa Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa mbele ya kompyuta. Makato yalikuwa yanakubali kwa wakulima wote isipokuwa mmoja, na nilikuwa nikimtafuta huyo mmoja kwa furaha kabisa ya moyo; hilo nalo lazima niliseme, kwamba saa ile nilikuwa na furaha. Nilisikia hatua nzito kwenye ngazi. Bwana Harshad aliingia na viatu vyake. Moraa alivitazama viatu kabla ya kumtazama yeye, akaweka mkono mdomoni.

"Nyakundi, shuka," alisema Bwana Harshad. "Mama yako ametuma mtu." Na tulipofika katikati ya ngazi, mahali penye giza, alinishika kiwiko. "Chukua siku nne. Usifikiri kazi. Siku nne, mimi nimekupa."

Tulimzika Jumatatu, siku ileile ambayo meneja wa kiwanda alikuja kuona programu. Onsare na Mwalimu waliionyesha asubuhi, wakajibana kati ya nyanya kwenye gari la mtu fulani aliyekuwa akielekea Nyamira, wakafika na Moraa wakati kaburi linafukiwa. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai na sahani za wali na kabichi. Onsare alinieleza kwamba meneja ameridhika na chumba kitabaki. Sehemu ya makato walikuwa wameimalizia wenyewe, kwa kusuasua, wakimwacha nje yule mkulima mmoja. Nilimshukuru. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Ndugu yangu, nikwambie kitu, usikasirike leo."

"Sema."

"Zile siku nne hazikuwa za kuzika."

Nilimtazama.

"Ijumaa ile, kabla ya Jumatatu uliyopiga kelele, Mwalimu aliniita chini kwenye kibanda cha chai. Alikuwa amepita hospitali kumwona mzee, wewe hukujua. Akaniambia, huyu kijana atajuta. Mimi ningechukua kazi yako ya siku nne, yeye na Moraa wangegawana yangu, nasi tungetimiza. Bwana Harshad tungemwambia uko kiwandani unachukua majina ya wakulima. Wewe ungekaa na mzee. Ndiyo maana akakwambia mtaongea baadaye. Angesemaje, na tajiri amekaa pale nyuma?"

"Kwa nini hukuniambia? Ile wiki nzima?"

"Nilijaribu. Ulisema anaendelea vizuri." Hakulisema kwa ukali. Akachukua kijiko tena, maana watu walikuwa wanatutazama.

Mwalimu alikuwa upande wa jikoni na wanawake wa boma letu, amejifunga leso ya mtu, anasuuza sahani kwenye karai. Hakuna aliyemjua pale, isipokuwa mama, ambaye alikuwa amemwambia dada yake kwa sauti ya kusikika kwamba ndiye yule wa mdomo mbaya. Mwalimu alisikia, nina hakika, kwa sababu kulikuwa na hatua chache tu kati yao. Aliendelea kusuuza. Nilipaswa kusimama, kuvuka ua, kusema neno moja mbele ya wanawake wale: mama, huyu ndiye mtu pekee aliyetaka nikae na tata. Nilikuwa mwana mkubwa, siku ile kila mtu angenyamaza kunisikiliza. Nilibaki nimekaa. Nilijiambia kwamba si siku yake, kwamba nina wageni. Ukweli ni kwamba ningemsafisha yeye ningelazimika kueleza kwa nini mimi niliona kaburi mahali ambapo yeye aliandika kiti. Aliondoka na wenzake kabla ya jioni. Alinipa mkono na kusema pole, nami nikasema asante kwa kuja, kama nilivyowaambia watu mia.

Niliporudi kazini ubao ulikuwa na majina manne na kumi, kumi, kumi, kumi. Hakutuuliza. Juma la tatu lilikuwa vilevile, na la tano. Moraa aliondoka mapema Ijumaa kama kawaida na kazi ikambakia. Onsare alikwenda kuona ng'ombe wake na kazi ikambakia. Ahadi zetu zikaanza kukosa kutimia kwa kidogo, siku moja hapa, mbili pale, na karani wa kiwanda akaanza kuinua nyusi. Nilidhani Mwalimu amenikasirikia mimi tu, na kwamba hasira zitapita. Wala sikumwambia lolote. Mwezi wa Desemba alipata kazi Nakuru, tukamnunulia keki, Bwana Harshad akatoa hotuba, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.

Baadaye nimesimamia watu, karibu maisha yangu yote. Nimesoma vitabu vya kupanga kazi, vizuri na vibaya, na kila mara ninapofika kwenye sura ya kukadiria uwezo wa watu ninaona imeandikwa na mtu asiyewahi kuwa na mgonjwa. Nimewapa watu wangu ruhusa ya kuuguza, hata pale ambapo haikuruhusiwa, na wamenisifu kwa hilo. Sifa hizo nazo huniaibisha, maana ninazipokea kana kwamba wazo ni langu.

Basi pale Keumbu, sahani zilipoondolewa na kwaya ikawa inapanga vyombo vyake, nilijikaza.

"Mwalimu, zile siku nne."

"Zipi?"

"Za ubaoni. Tata alipokuwa hospitalini. Onsare aliniambia siku ya mazishi, zilikuwa za nini."

Alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Oo," alisema. "Hizo." Kisha akatabasamu kwa namna ya kunirahisishia. "Ulikuwa kijana, baba anaumwa. Nani hangepiga kelele?"

"Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimekwisha kumhesabia siku mwenyewe. Wewe uliandika, nikaona hesabu yangu."

"Hilo sikulijua," alisema.

"Na mama yangu alikusema mbele ya watu, na nikanyamaza."

"Hilo nililisikia." Hakutabasamu tena, lakini hakukasirika, alikuwa akitazama mahali pa mbali kidogo nyuma ya bega langu. "Unajua, Nyakundi, wewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha nini, Mwalimu?"

"Kutouliza. Nakuru waliniweka juu ya watu kumi na wawili. Nikasema hapa sitarudia yale ya Kisii, kila mtu nitamwandikia siku sawa na mwenzake, mambo ya nyumbani kwake ayabebe mwenyewe. Waliniita mtu wa haki. Kulikuwa na msichana mmoja, mzuri sana wa kazi, mtoto wake alikuwa amelazwa. Nilijua. Kila mtu alijua. Asubuhi alikuja na macho yamevimba, akasimama karibu na meza yangu kama mtu anayengoja kuulizwa. Nikampa kazi yake kama wengine."

Kwaya ilikuwa inajaribu kipaza sauti. Nilingoja wamalize.

"Mtoto alipona?"

"Alikuwa wa miaka mitatu," alisema Mwalimu. "Saa ile mama yake alikuwa mbele ya kompyuta."

Nilitaka kusema kwamba kosa hilo ni langu, na nikaona kwamba hata hilo lingekuwa kumnyang'anya kitu. Mshereheshaji akaita marafiki wa baba wa bibi harusi waje kupigwa picha. Mwalimu aliniomba mkono ili ainuke, goti lake la kulia halimsikii tena. Tulikwenda polepole kati ya viti, tukasimama nyuma ya Onsare, ambaye alikuwa analia kwa furaha na kujipangusa kwa tai. Mpiga picha akatuambia tusogee, bado kuna nafasi kati yetu. Mwalimu akasogea. Nami nikasogea.